Lenzi za sensa ndogo kwenye fremu kamili: nizitunze au niziuze?

Mpigapicha_mvivu: Wakuu, habari. Nimehamia Sony A7 III, yenye sensa kubwa ya fremu kamili, baada ya miaka minne na A6000 ya sensa ndogo. Nimebaki na lenzi tatu za APS-C (yaani za sensa ndogo), kipenzi changu kikiwa Sigma 16mm f/1.4. Jana nimeifunga, picha zikatoka safi, ila faili linasoma megapikseli 10 badala ya 24. Kamera mbovu, au mimi ndiye sijui?

Jicho_la_tatu: Kamera haina kosa, mkuu. Duara la mwanga la lenzi hiyo linatosha sensa ndogo tu, kwa hiyo kamera inakata kingo na kubakiza katikati. Sensa kubwa ni mara 1.5 ya ndogo kwa upana na kwa urefu, hivyo gawanya 24 kwa 1.5 mara mbili, unapata 10 na ushee. Na hiyo 16mm sasa inaona upana wa lenzi ya 24mm ya fremu kamili, kama ilivyokuwa kwenye A6000.

Kivuli: Zima ukataji huo kwenye menyu ujionee pembe nyeusi tii, kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Ila lenzi nyingine hufunika kuliko zilivyoahidi. Ninayo moja ndefu, nikikata picha iwe mraba, weusi wa pembe hauonekani kabisa. Kwa video usihangaike, 4K inataka kama megapikseli 8 tu.

Mpigapicha_mvivu: Nimezima, nimeona, nimewasha tena haraka! Basi 16mm inabaki kwa video. Zile mbili naziuza; kusema kweli hata kwenye A6000 zilikuwa zinalala begini tu.