Maiki ipi inafaa podikasti ya masimulizi? Yangu inanasa mpaka jokofu la chumba cha pili

Msimulizi_Usiku
Wakuu, heshima kwenu. Nina podikasti ya masimulizi. Mara nyingi nasoma peke yangu, mara mojamoja naalika mgeni. Natumia maiki ya kondensa (aina yenye usikivu mkali) ya USB, ile inayosimama mezani na kistendi chake. Sauti inaingia vizuri tu, shida ni kwamba kila kitu kinaingia: feni, jokofu, pikipiki ikipita, kiti kikilia. Na mimi mwenyewe nasikika kama naongea ndani ya pipa. Nimeitamani sana maiki ya Shure SM7B, maana kila podikasti ya video ninayofungua naiona imening'inia mbele ya mtu. Nijichange niinunue? Nina laptop ya kawaida, kifaa kingine sina.

KaseteMbovu
SM7B mkuu. Nunua mara moja usahau.

Fundi_Mawimbi
Kasete, umemshauri nusu. SM7B haina USB. Inataka waya wa XLR (ule wa pini tatu wa maiki za studio) na interfesi, yaani kifaa cha kuiunganisha na kompyuta, halafu ni maiki yenye usikivu mdogo: Shure wenyewe wanataka gaini, yaani kiwango cha kuikuza sauti, isiyopungua desibeli 60. Interfesi nyingi za kuanzia zikikamuliwa hadi huko zinaanza kutoa "shhhh" chini ya sauti yako. Ndiyo maana watu wanaongeza kikuza sauti cha katikati kama Cloudlifter, na ndiyo maana mwaka 2023 Shure walitoa SM7dB yenye kikuza sauti humohumo ndani. Kwa hiyo anayeinunua huwa ananunua vitu vitatu, siyo kimoja.

Msimulizi, kabla hujatoa hela: mdomo wako uko umbali gani na maiki? Na unaongelea upande gani wa maiki?

Msimulizi_Usiku
Nimepima kwa rula, kama sentimeta 45. Naongelea pale juu kichwani, kama wanavyofanya waimbaji.

Fundi_Mawimbi
Basi ugonjwa umejitaja wenyewe 😄

Kondensa nyingi za mezani zinasikiliza ubavuni, upande wenye nembo, siyo kichwani. Miezi yote hiyo umekuwa ukimsemesha mtu utosini. Igeuze nembo ikutazame. Kisha tafuta kitufe cha mielekeo kama ipo. Blue Yeti kwa mfano ina minne. Weka kwenye alama inayofanana na moyo, yaani kadioidi, inasikiliza mbele na kupuuza nyuma. Ikiwa kwenye duara inanasa chumba kizima, na hapo feni ina haki sawa na wewe.

Sasa umbali. Kila ukiupunguza kwa nusu, sauti yako inapanda kama desibeli 6 kwenye maiki, ila ya feni inabaki palepale. Kutoka sentimeta 45 hadi 11 umepunguza nusu mara mbili, hizo ni desibeli 12 za bure. Ndipo unashusha gaini, na feni inashuka nayo. Pandisha maiki juu ya vitabu au tafuta mkono wa kuishikilia, usiinamie meza.

BintiGhani
Fundi kasema kweli, ila akisogea hivyo atakutana na pumzi. Kaka, fanya jaribio hili: tamka "paa" la nyumba, kisha "paa" yule mnyama, kwa matamshi ya wazee wa pwani. Yule mnyama anatoka na pumzi, na ukiweka kiganja mbele ya mdomo utaisikia. Hiyo ndiyo inayopiga "bwuf" kwenye rekodi. Weka sponji au kichujio cha kitambaa, na maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo, ikiwa imeelekezwa kwenye kona ya midomo. Pumzi inapita mbele, sauti inaingia.

Hilo pipa unalosema ni chumba chako. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unatetemeka ukutani, hakuna maiki itakayokuokoa. Mimi mwaka mzima nilirekodi nimeutazama mlango wa kabati la nguo ukiwa wazi, blanketi nyuma ya mgongo. Joto lilikuwa balaa, ila mwangwi ulikwisha.

KaseteMbovu
Sawa nimeelewa, nimenyamaza. Ila akija mgeni je? Maiki moja katikati ya meza?

Fundi_Mawimbi
Hapana, hapo ndipo mnarudi kwenye zile sentimeta 45. Kila mtu maiki yake, tena iwe dainamiki. Dainamiki haina wivu wa kusikia kila kitu kama kondensa, na haihitaji umeme wa volti 48 unaohitajiwa na kondensa ya XLR. Nafasi kati ya maiki na maiki iwe walau mara tatu ya nafasi kati ya mdomo na maiki, msije mkaingiliana.

Na usinunue USB mbili ukidhani umemaliza. Programu nyingi za kurekodi zinakubali kifaa kimoja tu cha kuingizia sauti kwa wakati mmoja. Ningekuwa wewe ningechukua Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x. Zote ni dainamiki zenye USB na XLR kwa pamoja. Leo unachomeka kwenye laptop, siku ukipata interfesi ya matundu mawili unaongeza ya pili. Shure SM58 nayo ipo tangu 1966 na inasimulia vizuri tu, ila ni XLR peke yake.

Vaa hedfoni wakati wa kurekodi. Kwenye kipimo cha sauti cha programu ya kurekodi, sauti ya juu kabisa iguse kama desibeli −12; ikigonga 0 imepasuka na hairudi.

Msimulizi_Usiku
Wakuu, nimerudi. Nimeigeuza, nimesogea, nimetundika shuka mbili. Nimerudia ukurasa uleule wa hadithi niliousoma wiki iliyopita, nikasikiliza rekodi zote mbili: ile ya kwanza nashindwa kuimaliza. SM7B nimeiahirisha, Q2U nitachukua kwa ajili ya wageni. Feni nimeizima. Kilichobaki ni jokofu. Nikilizima nasahau kuliwasha, juzi maziwa yote yameharibika.

BintiGhani
Weka funguo zako za nyumba ndani ya jokofu kabla hujalizima. Hutatoka bila kulifungua.

Msimulizi_Usiku
😂😂 Dada, hiyo ndiyo nimeiandika ukutani.