Mrejesho: nondo ya mazoezi nimepata

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliomba ushauri: nina laki tatu, nataka nondo ya kunyanyulia vyuma nyumbani. Nichukue ile nyembamba mpya ya dukani, nimpe fundi wa kuchomelea anitengenezee ya bomba, au nitafute ya mtumba yenye ncha nene za milimita 50? Wengi mlinisukuma kwenye mtumba, na ndiko nilikoishia.

Ya kwanza niliyoonyeshwa ilipakwa rangi ya fedha, inang'aa utadhani ya jana. Nikailaza sakafuni na kuiviringisha kama mlivyonielekeza. Katikati ikawa inapanda na kushuka, yaani imepinda. Muuzaji akadai sakafu ndiyo mbovu! Nikaaga.

Ya pili ina kutu ya juu juu, ila imenyooka, na ncha zake zinazunguka ukizisukuma kwa kidole. Urefu mita 2.2, mizani ikasoma kilo 20. Baada ya kubembelezana sana, laki mbili na themanini. Kutu nimeitoa jioni moja kwa brashi ya waya na mafuta ya cherehani.

Nilipokosea ni kwenye sahani, yaani vile vyuma vya uzito vya duara vinavyovishwa kwenye ncha. Zangu za zamani zina tundu dogo, haziingii ng'o, na mfuko umeshakauka. Kwa sasa nimemwaga zege kwenye beseni, kipande cha bomba katikati. Moja limetoka kilo 11, jingine 12 na ushei. Kila raundi nageuza upande.