Mrejesho: Rubani mstaafu wa jeshi niliyepoteza hamu ya ndege za abiria

Ndugu zangu, narudi kama nilivyoahidi. Mtakumbuka niliuliza: nimestaafu jeshini baada ya miaka mingi ya kurusha helikopta, natafuta leseni ya rubani wa ndege za abiria, lakini kila nikifungua kitabu moyo unakuwa mzito. Je, niache?

Asanteni sana, hasa yule afande aliyenishauri nisiamue kabla sijaonja ndege ndogo. Nilimsikiliza. Sasa mimi ni msaidizi wa rubani Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala, kwenye ndege ndogo za Cessna Caravan zinazopeleka watalii Kidepo, hifadhi ya wanyama kaskazini mashariki mwa Uganda. Safari ya kwanza tulikuta nyati kiwanjani. Tukapita chini kuwafukuza, tukazunguka, ndipo tukatua. Mikono yangu ilijua la kufanya kabla sijaambiwa. Jamani, hamu niliyodhani imekufa niliikuta palepale!

Ushauri wa kusoma huku nafanya kazi umenishinda kwa sehemu. Urambazaji na hali ya hewa nimefaulu. Sheria za anga nimeanguka mara mbili. Saa 1,500 za kuruka zinazotakiwa kwa leseni hiyo bado ziko mbali, maana zile za helikopta hazihesabiwi zote. Mshahara nao ni mdogo, mama watoto ameongeza kuku ili tulipe karo. Hilo linaniuma.

Ndege kubwa nimeziweka kando, sijazifuta. Anayepitia haya aombe kwanza kukaa kiti cha kulia, yaani cha msaidizi wa rubani, cha ndege ndogo kabla hajalipia kozi. Mungu awabariki sana. Kesho alfajiri naenda Kidepo tena.