Naombeni ushauri: nataka kwenda Chatham, visiwa vya Andaman (India), kuona kiwanda cha mbao cha enzi za Mwingereza

Habari wakuu, mi nasoma Chennai na likizo ijayo nataka niende Port Blair (tangu 2024 wanapaita Sri Vijaya Puram) hasa kwa ajili ya kakisiwa ka Chatham, kameungana na mji kwa daraja tu. Waingereza walijenga pale kiwanda cha kupasua mbao mwaka 1883, Wajapani wakakipiga bomu 1942 na shimo lake bado lipo, alafu kuna na makumbusho ya misitu. Mzee wangu ni seremala, nimekulia kwenye maranda ya mninga, na ule mti wao wa padauk ni ndugu kabisa wa mninga wetu, yani natamani sana niuone ukiwa kwenye msumeno nimpigie picha mzee.

Sasa waliowahi kufika, niende na ndege au meli? Meli ni kama siku tatu baharini na mi mawimbi yananisumbua tumbo. Na sisi wenye pasipoti ya Tanzania usajili wa wageni pale ukoje, unasumbua? Nikinunua kinyago cha padauk nitaruhusiwa kutoka nacho, au lazima risiti maalum? Natanguliza shukrani.