Bwana wa dirisha la tatu anataka kasuku wa miaka 20 avishwe pete

Mwana wa Kisauni
Wadau, hasira ziko hapa kooni na sitaki kutulizwa. Yule bwana mnamjua. Dirisha la tatu kwenye ofisi ya vibali vya wanyamapori, miwani juu ya paji, kalamu sikioni, kikombe cha chai kisichoisha tangu uhuru. Leo asubuhi kafungua kinywa tena: "Huyu ndege hana pete. Kamvishe pete, kisha urudi."

Kamvishe pete! Kasuku wa miaka 20! Tubebe na mahari kabisa? Tumwite kadhi?

Kwa asiyejua kwa nini hili ni tusi: pete ya kasuku inayokubalika kwenye vibali ni pete nzima, haina mshono wala pa kufungulia. Ya kasuku wa kijivu tundu lake ni milimita 11 hivi, na huvishwa kifaranga wa wiki mbili hadi tatu. Unakusanya vidole viwili vya mbele na kile kirefu cha nyuma, unavipitisha kwenye pete, unaisukuma juu ya mguu, halafu unakichomoa kidole kifupi cha nyuma kilichobanwa chini yake. Ukiwahi sana, inachomoka usiku na asubuhi unaikuta chini ya kiota. Ukichelewa siku chache, mguu umenenepa, haipiti. Kwa ndege mzima haipiti mpaka umvunje vidole. Haipiti! Ndiyo kazi yake, kutopita!

Ndege mzima huwekewa chipu. Ni kitu kama punje ya mchele, daktari wa mifugo anaidunga kwenye msuli wa kifua, upande wa kushoto, anabana na pamba mpaka damu isimame, anaisoma kabla ya kudunga na baada. Tarakimu 15. Fomu ya yule bwana ina visanduku 10. Zile tano zikaandikwe wapi? "Fupisha." Namba inafupishwa! Na kisomeo chake cha chipu ni kile cha zamani cha masafa ya kilohezi 125, wakati chipu za siku hizi hujibu kwenye 134.2. Anakipitisha kifuani, kimya. Anakipitisha mgongoni, kimya. Basi ndege hana chipu. Sasa afanyweje? Kamvishe pete.

Bado safu ya jinsia. Kasuku wa kijivu, dume na jike wanafanana. Hujui mpaka kipimo cha vinasaba, kwa tone la damu au unyoya uliong'olewa. Ule uliookotwa sakafuni mara nyingi hautoi majibu, chembe za mzizi hakuna. Yeye kamtazama sekunde tatu: "Andika dume, ana kelele."

Kamvishe pete. Jamani.

Kuku wa Kienyeji
Hongera kwa posa. Ukoo wa bwana harusi unatoka wapi?

Tundu la Chuma
Mleta uzi, futa mapovu kwanza. Kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, yaani orodha kali kuliko zote ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu Januari 2017, na swali la kwanza kwa ndege huyo ni alikotoka. Chipu inakwambia huyu ni yupi, haikwambii kazaliwa wapi. Aliyenaswa msituni Kongo juzi anaweza kudungwa chipu leo. Pete nzima huwezi kuivisha baadaye, ndiyo maana inaaminika kwamba mwenye nayo kalelewa kifarangani mikononi mwa watu. Bwana wako kauliza swali la haki kwa mdomo wa kijinga.

Asiye na pete mpelekee namba ya chipu, barua ya daktari aliyeidunga, risiti ya mwuzaji, na picha za miaka tofauti zenye tarehe. Kisomeo kiwe cha kusoma masafa yote mawili. Daktari mwenye nacho hukosi. Halafu Kenya ilitangaza msamaha wa miezi mitatu mwaka 2022, wenye kasuku wajitokeze wahalalishe. Ulikuwa umelala?

Mwana wa Kisauni
Sijabishana na sheria mimi. Nabishana na KAMVISHE PETE.

Fundi Koleo
Mbona rahisi. Nakata pete kwa msumeno wa chuma, nazungushia mguuni, nachomelea. Dakika tano, na rangi juu.

Tundu la Chuma
@Fundi Koleo utamkaanga ndege mguu, na mshono unaonekana kwa kioo cha kukuzia. Pete iliyokatwa ni sawa na pete ya kubana, ile yenye mwanya inayovishwa umri wowote, haithibitishi kitu. Na ukumbuke sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamhesabu hata mnyama aliye hai kuwa nyara. Kukutwa na nyara bila kibali, faini inaanzia shilingi milioni moja au jela miaka mitano kwenda juu. Chomelea sasa.

Fundi Koleo
Nimezima mashine.

Mzaramo Halisi
Nyie mnalilia kasuku. Huku Bongo sheria ya 2009 nayo inasema hivyo hivyo, nyara ni mnyama hai au mfu. Kobe unayemwona anavuka barabara, ukimtia kwenye beseni umebeba nyara. Na Mei 2016 wakafunga kabisa kusafirisha wanyamapori hai nje. Wale kobe bapa wanaojibana kwenye nyufa za mawe wakapandishwa Kiambatisho cha Kwanza 2019. Anayeuza "kobe wa mapambo" mitandaoni anawauzia kesi, siyo kobe.

Abu Deira
Afadhali nyie mna dirisha. Emarati sheria ya 2016 imepiga marufuku simba, duma na wenzao majumbani; wamebaki nao bustani za wanyama, vituo vya utafiti na kadhalika. Kumtoa duma matembezi barabarani ni jela hadi miezi sita na faini dirhamu 10,000 mpaka 500,000.

Anayetaka kuleta kasuku wa kijivu huku asikosee mpangilio. Kibali cha kuingiza kinatangulia, ndipo nchi anakotoka itoe cha kumtoa. Watu wanaanza na cha kutoa, wanarudishwa. Cha kutoa kinaishi miezi 6, cha kuingiza miezi 12, na uwanja wa ndege wanataka karatasi yenyewe. Nakala ya mashine haipiti.

Kuku wa Kienyeji
Haipiti kama pete.

Shangazi Mwanaisha
Wanangu, mnahangaika na vibali na huku ndege wamening'inizwa jikoni. Kikaango kisichoshika chakula kikiungua kinatoa hewa ya kumwua kasuku kabla hamjazima jiko. Parachichi pia sumu kwake, hata kipande. Hao ndio wanaopaswa kuzuiwa dirishani.

Mzaramo Halisi
Shikamoo Shangazi. Ongeza na wanaowapa kobe mkate na ugali. Kobe wa kwetu ni majani na nyasi, basi. Ukimshindilia vyakula vya watu gamba linaota vilima kama sinia la maandazi.

Shangazi Mwanaisha
Marahaba. Na wanaowatoboa gamba wafunge kamba asitoroke? Gamba ni mfupa, lina damu na mishipa ya fahamu, ukitoboa unamtoboa yeye. Inaingia vidudu, linaoza kutoka ndani. Jenga ukuta wa sentimita 40 usiopenya macho, maana kobe akiona upande wa pili atasukuma mpaka kesho. Chini fukia matofali, wanachimba.

Tundu la Chuma
Na chipu ya kobe inakaa mguu wa nyuma, kushoto. Siyo kifuani.

Fundi Koleo
Nimeelewa, Shangazi. Sasa kamba ya kobe nzuri ni ya katani au ya nailoni?