Viungo vya majani: dirishani au bustanini?

Jirani_wa_Jua: Wakuu, salaam. Nina dirisha la jikoni lenye kizingiti kipana, na nje kipande cha ardhi hatua nne kwa tatu. Nataka mrehani, giligilani, nanaa, rozimari na zaatari. Nivikusanye ndani, karibu na sufuria, au nivipeleke nje? Mara ya kwanza nilijaribu ndani. Mrehani ukarefuka kama unachungulia mtu, majani matatu kileleni, ukalala.

MamaMboji: Hiyo ni njaa ya mwanga. Mrehani unataka jua lenyewe kama saa 6 kwa siku. Sisi macho yetu yanazoea, tunadhani dirisha lina mwanga wa kutosha, mmea haudanganyiki. Fanya hivi saa sita mchana: inua kiganja juu ya karatasi nyeupe. Kivuli kikiwa ukungu tu, hauoni vidole, hapo mrehani hautakaa. Nanaa itavumilia.

Kopo_Tupu: Napinga kidogo, Mama. Wangu uko ndani, chini ya taa ya LED iliyo sm 20 juu yake, inawaka saa 14 kwa siku. Nje usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 majani yanaingia weusi. Nikivuna nakata juu kidogo ya pale majani mawili yanapotazamana, panachipuka matawi mawili. Ncha niliyokata naitia kwenye glasi ya maji, baada ya wiki moja au mbili ina mizizi.

Jirani_wa_Jua: Na rozimari?

MamaMboji: Nje, hata usiulize. Ndani tunaiua kwa huruma: kila anayepita anaimwagia maji, mizizi inaoza, majani yanakauka, basi tunaongeza maji tena! Changanya udongo na mchanga mkubwa au changarawe, uache ukauke kabla ya kumwagilia. Zaatari vivyo hivyo. Mbolea usiitupie ovyo. Ukizidisha naitrojeni utapata majani manono yasiyonukia.

Mzee_Jembe: Kijana, nanaa usithubutu kuipanda wazi. Nilichomeka shina moja pembeni, leo naing'oa katikati ya vitunguu. Toboa ndoo chini, ifukie, mdomo ubaki vidole viwili juu ya udongo. Mashina yanayotambaa yakiruka ukingo, kata.

Giligilani ipande pale pale itakapokulia. Ina mzizi mrefu wa kati, ukiihamisha inakasirika na kutoa maua upesi. Joto nalo linaiharakisha. Mimi napanda mstari mfupi kila baada ya wiki mbili au tatu. Kile kiduara cha mbegu ndani kina mbegu mbili, kiminye kidogo kipasuke kabla ya kupanda.

Kopo_Tupu: Ikishatoa maua iache tu, Mzee. Mbegu zake nazo ni kiungo.

Mzee_Jembe: Sikusema niing'oe.

Jirani_wa_Jua: Nimetoka kupima kivuli sasa hivi. Ukungu mtupu! Kopo, taa yako ni ya rangi gani? Naona watu wengi wana zile za zambarau.

Kopo_Tupu: Nyeupe ya kawaida, inakuza vizuri tu. Ya zambarau nilikuwa nayo, nikaitoa jikoni. Nyanya mbivu na mbichi zilikuwa zinafanana.