Kiboti cha futi 12, Nyumba ya Mungu: nianze na vifaa gani vya uvuvi?

Kiboriloni12

Wakuu, habari za jioni. Nina kiboti cha mbao futi 12, hakina injini, kinapigwa kasia na kinabeba watu wawili. Nataka kuanza kuvua Bwawa la Nyumba ya Mungu mwisho wa wiki, kitoweo cha nyumbani tu. Samaki ninaowalenga ni perege na kambale. Natokea Moshi mjini, na bajeti si kubwa.

Nianze na mshipi wa mkono, fimbo yenye rili (kigurudumu cha kuzungushia uzi), au wavu? Uzi unene gani? Na ndoana je? Duka moja wananiambia namba 10 ni kubwa, jingine wanasema ni ndogo. Sitaki kununua vitu mara mbili.

Kasia Mbili

Karibu mkuu. Anza na mshipi wa mkono, hayo mengine yaache kwanza. Futi 12 zikishakaa watu wawili, nanga, ndoo ya samaki na chambo, nafasi imekwisha. Fimbo mbili ndefu humo ndani zitagongana, na wavu unataka mtu asimame, jambo ambalo kiboti chembamba hakilipendi.

Kuhusu namba za ndoana, usibishane na muuzaji. Kwenye pakiti nyingi, namba ikipanda ndoana inapungua: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Ukifika namba 1 mambo yanageuka, zinafuata 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda ndoana inakua. Tatizo ni kwamba namba za pakiti za wavuvi wa biashara haziendi sawa na namba za pakiti za wavuvi wa fimbo, ndiyo maana maduka mawili yakakuchanganya. Pima kwa jicho: nafasi kati ya ncha na shina. Kwa perege isizidi unene wa penseli (namba 8 au 10 kwa pakiti za fimbo), maana mdomo wake ni mdogo. Kwa kambale iwe karibu upana wa kidole cha shahada, yaani kama 2/0. Chukua ndoana 20 za perege na 10 za kambale. Za perege zitakwisha haraka, kwa sababu bwawa lile lilifunika nchi kavu lilipojengwa miaka ya 1960, na visiki havikuhamishwa.

Uzi: nailoni ya milimita 0.30 kwa perege, 0.50 kwa kambale. Hiyo ya 0.30 inabeba kilo 5 hadi 6 ikiwa kavu na haina fundo, ya 0.50 inakaribia mara mbili na nusu. Fundo baya linaweza kula nusu ya nguvu hiyo, na hapo ndipo wageni wengi wanapopoteza samaki halafu wanalaumu uzi. Funga hivi: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe mara 5 au 6 kwenye uzi mkuu, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na ndoana, kisha ipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. LOWESHA kwa mate kabla ya kukaza. Ukikaza pakavu, nailoni inapata joto la msuguano na kukatikia hapohapo. Acha mkia wa milimita 3.

Mita 50 kwa kila mshipi zinatosha. Zungushia kwenye kipande cha ubao au chupa ya maji ya nusu lita, usizungushie mkononi wala mguuni hata kwa sekunde moja. Kambale wa kilo nne akivuta, uzi unakata nyama.

Mpangilio wa perege ni boya, risasi (kile kizito cha kuzamisha), ndoana. Boya kata kutoka kandambili chakavu. (Gunzi la hindi watu wanalipenda kwa kuwa ni la bure, lakini likishakaa majini linafyonza maji na kuzama, halafu unadhani kila dakika umeliwa.) Weka risasi ndogo hadi boya lizame na kubaki ncha tu juu. Boya likisimama refu, perege anahisi uzito anapovuta, anatema. Ndoana ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya risasi.

Kambale ni tofauti. Hataki boya. Tumia risasi yenye tundu katikati, gramu 20 hadi 30, itembee huru kwenye uzi mkuu. Mwisho wa uzi huo funga kile kiungio kidogo cha chuma kinachozunguka, na upande wa pili wa kiungio funga sentimita 40 za uzi mnene zaidi, milimita 0.60, kisha ndoana. Risasi ikitembea, kambale anavuta chambo bila kuhisi mzigo. Uzi mnene ni kwa sababu ya meno yake, ambayo ni kama msasa: hayakati, yanasaga. Kiungio nacho ni kwa sababu akishikwa anajiviringisha, na bila hicho uzi wote unajisokota kama kamba ya katani.

Mzee wa Chambo

Naongezea pale penye chambo, maana kifaa bila chambo ni pambo.

Perege chakula chake kikubwa ni mwani na vijidudu vya majini, kwa hiyo nyama nene haimvutii. Songa ugali mgumu, ongeza unga wa ngano kidogo, kanda mpaka ushikamane kama udongo wa kufinyangia. Ngano ndiyo gundi, ugali wa mahindi peke yake unayeyuka kabla haujafika chini. Weka punje ya ukubwa wa njegere, ncha ya ndoana ifunikwe kidogo tu. Minyoo nayo ni mizuri sana, na kwa mtu wa Kilimanjaro haina gharama: chimba kwenye migomba, pale penye samadi iliyooza na unyevu. Ihifadhi kwenye kopo lenye udongo wake huohuo, kivulini. Kopo likipigwa na jua la Mwanga nusu saa, umebaki na mchuzi.

Kambale anatafuta kwa kunusa na kwa ndevu zake, kwa hiyo mpe kinachonuka: utumbo wa kuku, ini, vipande vya samaki. Wapo wanaotumia sabuni ya mche iliyokatwa vipande, nayo inafanya kazi kweli. Faida yake ni kwamba perege wadogo hawaidonoi. Muda wake ni jua linapozama na kuendelea, lakini kwa anayeanza sishauri usiku. Kaa hadi magharibi, kisha rudi.

Kumtoa kambale kwenye ndoana: mshike nyuma ya kichwa, vidole viwe nyuma ya ile miiba miwili ya mapezi ya ubavuni. Miiba hiyo inajifunga ikiwa imesimama na inachoma vibaya. Beba koleo. Usidhani amekufa kwa sababu amekaa ndani ya boti saa nzima, kambale anavuta hewa ya juu na atakurukia ukiinama. Perege jike ukimkuta na mayai au watoto mdomoni, mrudishe. Anawalea humohumo.

Kiboriloni12

Nashukuru sana wakuu, nimeandika yote. Mambo mawili. Kuna fimbo za mtumba nimeziona pale soko la Memorial zikiwa na rili zake, bei inashawishi. Halafu jirani ana wavu wa timba hautumii, anataka kunipa bure. Nichukue?

Uzi Mwembamba

Fimbo ya mtumba si mbaya ukijua kukagua. Nenda na kipande cha pamba mfukoni. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo huku unaizungusha. Nyuzi zake zikinasa, pete ina ufa usioonekana kwa macho, na ufa huo utakata uzi wako kama wembe. Halafu kunja fimbo taratibu kwa kukandamiza ncha kwenye kiganja: ikitoa mlio wa kukwaruza au ikikunjika kwa pembe badala ya upinde, iache. Kwa kiboti chako chukua futi 6 au 7. Zile za futi 12 ni za kurushia ukiwa ufukweni.

Rili: zungusha mkono wake ukiwa umeiweka sikioni. Mlio wa mchanga maana yake ni mchanga kweli, au beringi imekula kutu. Kagua na breki. Kaza nusu, vuta uzi kwa mkono: utoke laini bila kuruka-ruka. Breki inayokwamakwama ndiyo inayokata uzi, kwa sababu samaki anavuta ghafla na rili haitoi.

Kupima breki huhitaji mzani. Funga uzi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, inyanyue kwa fimbo. Kaza breki hadi chupa ianze tu kushuka polepole. Hiyo ni kilo moja na nusu, karibu robo ya nguvu ya uzi wa 0.30, na inatosha kabisa kuanzia. Uzi uliokuja na rili ya mtumba utupe bila kujadili, jua linaozesha nailoni. Weka mpya, ujaze hadi ubaki milimita 2 kufika ukingo wa kigurudumu. Ukijaza zaidi unamwagika mafundo, ukipunguza hautoki mbali.

Mwaloni

Timba usiichukue hata bure. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimepigwa marufuku kwenye maji baridi na Kanuni za Uvuvi za 2009, na ukikamatwa nayo hakuna wa kukuuliza ulipewa na nani. Sababu ipo: ikikatika na kubaki chini haiozi, inaendelea kunasa samaki bila mwenyewe. Kokoro nalo ni hivyohivyo, marufuku.

Kabla hujashusha boti, pita kwa afisa uvuvi. Bwawa lile linagawanywa na wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro, kwa hiyo uliza kulingana na mwalo (sehemu ya kushushia boti) utakaotumia. Unahitaji leseni yako, chombo kiandikishwe, na uongee na BMU ya pale, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Uliza pia tundu dogo la wavu linaloruhusiwa na kama bwawa liko wazi, maana limewahi kufungwa ili samaki wazaliane.

Ukifika wakati wa wavu, nunua wa nailoni ya kusokotwa na ufanye hesabu mapema. Tundu linapimwa likiwa limevutwa, fundo hadi fundo la pili lililo mkabala. Wavu unauzwa ukiwa umenyooshwa, lakini ukiusuka kwenye kamba unaupa ulegevu wa nusu: mita 90 za dukani zinakuwa mita 45 majini. Ukiubana kidogo kuliko hapo, macho yanafunguka kwa upana na samaki anagonga na kurudi. Kina nacho kinapungua. Wavu wa inchi 3 wenye macho 26 kwenda chini ni karibu mita 2 ukivutwa, lakini ukisimama majini unapata kama mita 1.7.

Kutega: anza upande upepo unakotoka, boti isukumwe na upepo huku unaachia wavu. Kutoa: anza mwisho wa pili, ule upepo unakoelekea. Hivyo upepo unakutoa kwenye wavu muda wote. Ukifanya kinyume, boti inakaa juu ya wavu, na vifungo vya shati lako vinanasa kwenye macho yake na kumaliza kazi. Vaa fulana.

Kasia Mbili

Namuunga mkono Mwaloni kwenye sheria, ila wavu kwenye futi 12 bado nasema hapana hadi uwe umezoea kiboti chako kwenye upepo wa mchana. Kama mshipi mmoja hautoshi, kabla ya wavu jaribu mshipi mrefu wa ndoana 20 kwa kambale, ule wa Mwanza wanauita migonzo. Kamba mama mita 45, vitawi (nyuzi fupi zenye ndoana) vya sentimita 50, kimoja kila mita 2. Umbali kati ya vitawi ukiwa chini ya mara mbili ya urefu wake, vinasukana. Jiwe kila mwisho, boya kila mwisho. Ndoana zichomeke kwa mpangilio kwenye kipande cha kandambili kilichobanwa ukingoni mwa beseni, uwe unazitoa moja moja. Ukizirundika ndani ya beseni, jioni yote itaishia kufumua.

Halafu hakuna aliyegusa nanga. Kamba ya milimita 8, mita 30, ili upate angalau mara tatu ya kina. Ifunge MBELE ya kiboti, isiwe ubavuni wala nyuma. Ikifungwa nyuma, upepo ukivuma mawimbi yanaingia palipo chini zaidi na kiboti hakiwezi kupanda. Fundo liwe la kuvuta mara moja likaachia, na kisu kiwe karibu, maana nanga ikinasa kwenye kisiki huku mawimbi yanakuja unakata kamba na kuondoka. Majaketi mawili ya kuokolea yavaliwe tangu mwaloni, kasia la tatu lifungwe chini ya kiti, na dumu la lita 5 lililokatwa liwe la kuchotea maji. Penye matete usisogee bila kuwauliza wenyeji, mamba wapo.